Tindikali ya udongo: kwa nini pH peke yake haikuambii ununue chokaa kiasi gani

Msimu wa kupanda unapokaribia, wakulima wengi wa Kakamega, Trans Nzoia, Mbeya, Njombe na Rukwa husikia ushauri uleule: udongo wako una tindikali, weka chokaa. Wengine huiita asidi. Ni kitu kilekile. Tatizo huanza mkulima anapouliza kiasi. Mmoja anaambiwa mifuko 10 ya kilo 50 kwa ekari, jirani yake anaambiwa mifuko 30, na ilhali mashamba yote mawili yamepimwa na kukutwa na pH 5. Huyu wa mifuko 30 hurudi nyumbani akihisi kuna mtu anataka kumlia pesa yake.

Inawezekana kabisa kwamba wote wawili wameambiwa ukweli. Katika makala haya tunaeleza sababu, kwa sababu anayeielewa hatapoteza pesa kwa chokaa isiyotosha, wala kwa mbolea ambayo mazao hayaipati.

Tindikali ni nini, na pH inapima nini?

Kitu chenye tindikali, kikiingia kwenye maji, huachia haidrojeni yenye chaji. Wanakemia huiita ioni ya haidrojeni. Hiyo ndiyo inayofanya ndimu iwe kali ulimini na maziwa ya mgando yawe machachu. Alkali hufanya kinyume chake: huipokea haidrojeni hiyo na kuiondoa. Majivu, magadi na chokaa ni vitu vya upande huo.

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark aliyeitwa Søren Sørensen. Katikati ni 7, ambapo hakuna upande uliozidi. Chini ya 7 ni tindikali, juu ya 7 ni alkali. Kumbuka kwamba kila hatua moja ni mara 10. Udongo wenye pH 5 una ioni za haidrojeni mara 10 zaidi ya udongo wenye pH 6, na mara 100 zaidi ya wenye pH 7. Kwa hiyo kushuka kutoka 5.5 hadi 4.5 si jambo dogo, hata kama kwenye karatasi ya majibu linaonekana dogo.

Jambo la pili ndilo linalosahauliwa zaidi. pH inahesabu haidrojeni iliyokwisha kuachiwa tu, ile inayoelea kwenye maji wakati huo. Ile ambayo bado imeshikiliwa, ikisubiri, pH haiioni.

Tindikali kali na tindikali dhaifu

Tindikali hazilingani kwa nguvu. Asidi ya haidrokloriki, ambayo imo hata tumboni mwa binadamu, ni kali: ikiingia kwenye maji huachia haidrojeni yake yote kwa mara moja, haibakizi kitu. Siki ya kupikia ni dhaifu. Kwenye siki ya kawaida ya asilimia 5, katika kila chembe 1,000 za tindikali yake, ni 4 au 5 tu zilizoachia haidrojeni. Nyingine zote bado zimeishikilia.

Je, hizo 995 zimelala? Hapana. Kila wakati kuna chembe zinazoachia haidrojeni na nyingine zinazoichukua tena. Kwa kuwa zinazoachia na zinazochukua zinakwenda kwa kasi moja, idadi haibadiliki, na sisi tunaona kama hakuna kinachotokea. Hali hiyo huitwa msawazo. Mwaka 1864, raia wawili wa Norwe waliokuwa shemeji, Cato Guldberg na Peter Waage, walieleza kwamba badiliko la kikemikali huweza kwenda mbele na kurudi nyuma kwa pamoja, na kwamba wingi wa vitu vilivyopo ndio unaoamua lisimame wapi.

Fikiria kisima cha kijijini. Ukichungulia unaona maji yako kina fulani. Ukichota ndoo moja, maji yanashuka kidogo, kisha yanapanda tena kutoka ardhini. Kina unachokiona hakikuambii ardhi imebeba maji kiasi gani. Kuna kisima kinachokauka baada ya ndoo 10, na kingine kinachohudumia kijiji kizima kiangazi chote, na asubuhi vyote viwili vilikuwa na kina kimoja.

Tindikali dhaifu ni kama kisima hicho. Ukiondoa haidrojeni iliyo wazi, msawazo unavurugika, na chembe zilizokuwa zimeshikilia zinaachia nyingine kujaza pengo. Hilo huendelea mpaka akiba iishe.

Unaweza kuliona hili jikoni. Kamua ndimu kwenye kikombe cha kioo, kisha tia magadi kidogo, yale ya kuivishia maharage. Itatoa povu, hiyo ni hewa ya ukaa inayotoka pale alkali inapokutana na tindikali. Povu likitulia, tia tena kidogo. Litatoka tena. Na tena. Haidrojeni iliyokuwa wazi kwenye maji ya ndimu ni kidogo sana, na magadi uliyotia mara ya kwanza yangetosha kuimaliza. Povu la pili na la tatu linatoka kwenye akiba. Fanya jaribio hili kwa ndimu au siki peke yake; maji ya betri yasiguswe, yanaunguza ngozi na kupofusha macho.

Akiba ya tindikali shambani

Sasa turudi kwenye lile shamba la pH 5, tupige hesabu.

Ekari moja, kwa kina cha sentimita 20 ambacho jembe hufika, ina udongo wa karibu tani 1,000. Tuseme baada ya mvua udongo huo umeshika maji lita 200,000. Kwa pH 5, haidrojeni iliyo wazi ndani ya maji yote hayo ina uzito wa gramu 2 tu. Ili kuiondoa unahitaji chokaa safi gramu 100, kiasi kinachoenea kwenye viganja.

Kama pH ingekuwa ndiyo habari yote, ungetibu ekari nzima kwa kiganja cha chokaa. Lakini mashamba mengi yenye tindikali yanahitaji kuanzia nusu tani hadi tani 2 kwa ekari. Tani 1 ni mara 10,000 ya zile gramu 100. Chokaa hiyo yote inakwenda kupambana na akiba.

Akiba hiyo inakaa sehemu tatu. Ya kwanza ni juu ya chembe za mfinyanzi, ambazo hushikilia haidrojeni na alumini kama sumaku inavyoshika misumari. Ya pili ni kwenye mboji, ambayo imejaa tindikali dhaifu zinazofanana na za siki. Ya tatu ni alumini yenyewe. Alumini si tindikali kwa jina, lakini ikiyeyuka kwenye maji huyafanya maji yanayoizunguka yaachie haidrojeni, na nguvu yake katika kazi hiyo inakaribia sana ile ya siki.

Hapo ndipo lilipo jibu la wale majirani wawili. Udongo wa kichanga una mfinyanzi na mboji kidogo. Kisima chake kina akiba ndogo, na mifuko 10 inaweza kutosha. Udongo mzito mwekundu au mweusi wenye mboji una akiba kubwa. Kina cha maji ni kimoja, pH 5, lakini ardhi iliyo chini ni tofauti.

Hasara yake ni ipi?

Udongo wenye pH chini ya 5.5 huanza kuyeyusha alumini, na chini ya 5 hali huwa mbaya zaidi kwa mazao mengi. Alumini iliyoyeyuka huzuia ncha za mizizi kukua. Mizizi inakuwa mifupi na minene, haifiki chini kutafuta maji, na jua likiwaka wiki mbili tu mahindi yananyauka wakati ya jirani bado yamesimama.

Pia alumini na chuma huishika fosforasi na kuifanya isiyeyuke. Hapa ndipo pesa inapopotea bila kuonekana. Mkulima ananunua mfuko wa DAP, anauweka kwenye shimo, na sehemu kubwa ya fosforasi inafungiwa udongoni kabla mzizi haujaifikia. Mahindi yanatoa majani ya zambarau, na mkulima anasema mbolea ilikuwa feki. Mbolea feki zipo, lakini mara nyingine mbolea ilikuwa nzima na udongo ndio ulioifunga.

Maharage, soya na karanga hupata hasara nyingine. Vijidudu vinavyoishi kwenye vinundu vya mizizi yao na kuwatengenezea naitrojeni havistawi kwenye tindikali nyingi.

Si mazao yote yanayolalamika. Chai hupenda pH ya 4.5 hadi 5.5, na mihogo na mananasi huvumilia. Anayelima chai asikimbilie chokaa kwa sababu jirani wa mahindi ameweka.

Tindikali hii inatoka wapi? Mvua nyingi huosha kalsiamu na magnesiamu na kuzishusha chini. Kila gunia linalotoka shambani huondoka na sehemu yake. Na mbolea zenye amonia, zinapogeuzwa na bakteria wa udongo, huachia haidrojeni. SA ndiyo inayoongoza: kilo 100 zake huacha tindikali inayohitaji takriban kilo 110 za chokaa kuiondoa. CAN ina chokaa ndani yake, hivyo madhara yake ni madogo. Hatusemi uache mbolea. Tunasema mbolea na chokaa ziwekwe kwenye hesabu moja.

Chokaa inafanyaje kazi?

Chokaa ya kilimo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, yaani kalsiamu kabonati. Kabonati hukutana na haidrojeni na kutoa maji na hewa ya ukaa, sawa na povu la kikombe cha ndimu. Hewa ikishapotea angani haiwezi kurudi kuurejesha msawazo nyuma, kwa hiyo kazi inakwenda upande mmoja mpaka akiba ipungue. Tindikali ikipungua, alumini huganda na kuwa kitu kigumu kisichodhuru mizizi, na kalsiamu hukaa mahali pake kwenye mfinyanzi.

Kutokana na hayo, kuna mambo manne ya kujua kabla ya kutoa pesa.

Kwanza, jasi si chokaa. Jasi ina kalsiamu, lakini haina kabonati, na kabonati ndiyo inayofanya kazi. Jasi ina matumizi yake, ila haiondoi tindikali. Ukiuziwa jasi kwa jina la chokaa, pH yako haitapanda.

Pili, chokaa ya mawe na chokaa iliyochomwa ni tofauti. Kama zilivyo tindikali, alkali nazo zina kali na dhaifu. Chokaa ya mawe ni dhaifu: ukiichanganya na maji yaliyo wazi kwa hewa, pH inafika 8 na kitu, haipandi zaidi. Chokaa iliyochomwa ikitiwa maji huchemka na kufika pH ya zaidi ya 12. Inafanya kazi haraka, na kilo 56 zake zinatosha mahali pa kilo 100 za chokaa ya mawe, lakini inaunguza ngozi na macho na kuidhuru miche. Kwa mkulima mdogo anayemwaga kwa mkono, ya mawe ni salama zaidi. Hata hiyo, funika pua na mdomo, na usimwage upepo ukivuma.

Tatu, unga uwe laini. Chokaa ya mawe haiyeyuki upesi, na punje kubwa kama mchele zitakaa miaka bila kufanya kazi ya maana. Chukua kidogo, kisugue kwa vidole: kiwe kama unga wa sembe, si kama mchanga.

Nne, majivu yanasaidia bustani ya mboga, lakini nguvu yake hubadilika kulingana na kuni, na ni vigumu kupata ya kutosha ekari nzima. Magadi usiyapeleke shambani hata kidogo. Yanaondoa tindikali, ndiyo, lakini yana sodiamu, na sodiamu huharibu udongo ukawa mgumu usiopitisha maji.

Usiikutanishe chokaa na mbolea siku moja

Hapa msawazo unaweza kukugharimu fedha taslimu. Amonia iliyo kwenye mbolea ina sura mbili zinazogeukiana muda wote. Ya kwanza imebeba haidrojeni ya ziada, inakaa kwenye maji na kushikwa na mfinyanzi. Ya pili haina haidrojeni hiyo. Ni hewa, ile inayochoma pua ukiingia kwenye banda la kuku lililofungwa.

Kwa pH 7, ile ya hewa haifiki 1 katika kila 100. Ukipandisha pH hadi 9 na robo, inakuwa nusu kwa nusu. Mahali ambapo chokaa imegusana na mbolea, hasa chokaa iliyochomwa, pH hupanda kiasi hicho na zaidi, na naitrojeni uliyoinunua inapanda angani. Samadi mbichi nayo ni hivyohivyo. Ukisikia harufu ile kali baada ya kuchanganya, pesa yako ndiyo inayonuka.

Kwa hiyo weka chokaa mapema, mwezi 1 hadi 3 kabla ya kupanda, ichanganye na udongo kwa jembe hadi sentimita 15 au 20, na uache mvua au unyevu ufanye kazi. Mbolea ije baadaye.

Ufanye nini kabla ya kununua?

Kipimo kidogo cha mkononi au karatasi za kubadilika rangi zinaweza kukuambia kama una tatizo. Haziwezi kukuambia ukubwa wa akiba. Kwa hilo unahitaji maabara. Huko udongo wako hutikiswa kwenye maji yenye chumvi ya potasiamu kloridi, na chumvi hiyo huifukuza haidrojeni na alumini kutoka kwenye mfinyanzi ili zihesabiwe. Nchini Tanzania kazi ya aina hii hufanywa katika kituo cha TARI Mlingano, Tanga. Kenya iko KALRO Kabete. Afisa ugani wako anaweza kukuelekeza maabara iliyo karibu.

Sampuli ichukuliwe hivi. Tembea shambani kwa mstari wa kupinda-pinda na uchimbe sehemu 10 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20. Ruka kichuguu, njia, mahali palipolala ng'ombe na palipochomwa takataka. Changanya udongo wote kwenye ndoo safi ya plastiki, uanike kivulini, kisha funga nusu kilo. Usichukue sampuli mara tu baada ya kuweka mbolea au chokaa. Kama shamba lina udongo wa aina mbili, funga mifuko miwili tofauti.

Majibu yakirudi, usiishie kwenye mstari wa pH. Uliza maswali mawili: "Tindikali ya akiba ni kiasi gani?" na "Ninahitaji kilo ngapi za chokaa kwa ekari, kwa zao hili?" Kama huwezi kununua kiasi chote kwa msimu mmoja, gawa: tibu robo ekari vizuri badala ya kuinyunyizia ekari nzima kiasi kisichotosha. Wala usizidishe kwa kudhani kingi ni bora. Udongo wa kichanga hupanda upesi, na ukipita pH 7 zinki, chuma na manganizi huanza kuwa adimu kwa mazao.

Baada ya miaka 3 au 4 pima tena, kwa maana mvua haijaacha kunyesha wala magunia hayajaacha kutoka shambani. Na kama una jirani anayepanga kununua chokaa msimu huu bila kupima, msomee ile hesabu ya gramu 100 na tani 1. Huenda ikamwokolea bei ya mifuko kadhaa, au msimu mzima.